Mtoto Anayebaki Kambini ni Jambo la Chama



Jambo tunaloandika leo lilianza kama shauri la kuchelewa kazini. Mwanamke mmoja, mfanyakazi mwenzetu katika kinu cha kuchambua pamba hapa wilaya ya Kasese, alipata barua mbili za onyo kwa sababu ya kufika saa moja na nusu badala ya saa moja kamili. Barua ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. Alituletea zile mbili zimefungwa ndani ya leso, akauliza kama chama kinaweza kumtetea.

Sisi wa kamati ya tawi tulimwuliza lile swali tunalomwuliza kila mtu: Mama, unachelewa kwa nini? Tulitazamia kusikia habari ya mvua au ya mgonjwa. Alisema, "Ninambeba mtoto kwenda shule."

Tukadhani ni mtoto mchanga. Kumbe ni kijana wa miaka tisa, wa darasa la pili. Miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa, na mkono wa kushoto nao ni dhaifu. Kila asubuhi mama humfunga mgongoni, hutoka naye kambini kabla ya jua, humketisha darasani, kisha hukimbia kazini. Jioni humfuata. Baba wa mtoto alikwisha kuondoka siku nyingi. Alisema katika ukoo wao hakuna kitu cha namna hiyo.

Wawili wetu tulikwenda naye shuleni. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, na yule kijana alikuwa ameketi chini karibu na mlango, kwa kuwa kwenye dawati hawezi kukaa bila kuanguka. Tulitazama daftari lake. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa baadhi yetu katika kamati. Mwalimu wake alituambia, "Huyu akili yake ni nzima. Shida yake ni zile ngazi na kile choo."

Ngazi za darasa ni tatu tu. Mtu mwenye miguu hazioni. Lakini choo ndicho kilichotunyamazisha. Ni choo cha shimo kama vyote tunavyovijua, mlango mwembamba, tundu katika sakafu, hakuna mahali pa kushika. Kijana hawezi kuchuchumaa. Basi amejifunza mwenyewe kutokunywa maji. Tangu asubuhi mpaka mama yake amfuate jioni, hanywi hata tone, katika joto la Kasese mnalolijua wote. Hakuna aliyemfundisha. Aliona wenzake wakimcheka siku moja alipojichafua, akaamua.

Inatupasa kukiri kosa letu. Mama huyu tulimjua miaka minne. Tulikuwa tunamhesabu katika michango, tunamwita mikutanoni, na hatukujua kwamba ana mtoto wa namna hiyo. Hakutuambia kwa sababu hatukuuliza.

Mbele ya meneja shauri lilikuwa gumu mwanzoni. Tuliomba aanze kazi nusu saa baadaye na atoke nusu saa baadaye, ili kampuni isipoteze hata dakika. Jibu likawa kwamba kiwanda si mahali pa kulelea watoto. Ndipo tukauliza mkataba wake uko wapi. Hakukuwa na mkataba. Kwa miaka yote minne aliandikwa kama kibarua. Sasa, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua akifanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi, na tangu hapo yeye si kibarua tena. Aidha sheria ya ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu wa kumsindikiza. Tulipoyaweka hayo mezani, nusu saa ilipatikana. Mkataba ulichukua wiki nyingine tano, lakini nao ulipatikana.

Tukarudi kambini tukifurahi. Mmoja wa kamati, mtu asiyesema sana, akatuambia: "Tumeshusha homa, malaria tumeiacha." Alikuwa na haki. Mama alibaki na kazi, lakini mtoto alibaki na kiu.

Kwa hiyo tuliliweka jambo hili katika mkutano wa tawi. Si wote waliolipenda. Mzee mmoja wa mashambani, mwanachama wa siku nyingi ambaye tunamheshimu, alisimama akasema kwamba michango hukatwa katika mishahara yetu kwa ajili ya mishahara yetu, na mambo ya vilema yana watu wake, yaani kanisa, msikiti na wazungu. Hatukubishana naye. Tuliomba tu kila mwenye mtoto nyumbani asiyekwenda shule, au aliyekwenda akaacha, au anayerudia darasa moja kila mwaka, anyoshe mkono. Mikono ilikuja polepole. Mwishowe ilizidi kumi, na karani akaandika majina mpaka karatasi ikajaa. Yule mzee hajakubaliana nasi hadi leo.

Katika majina hayo mlikuwa na mambo ya kila aina, na hapa tunataka kusema jambo ambalo wengi hatukulijua. Mtoto anayeitwa "mzito" mara nyingi si mzito. Mmoja ana sikio moja linalotoka usaha tangu utotoni, na anaketi nyuma kabisa. Mwingine haoni ubao. Mwingine ana kifafa. Alianguka darasani mara mbili, na wazazi wa watoto wengine wakataka aondolewe kwa sababu wanaamini povu lake linaambukiza. Kifafa hakiambukizi, wala kwa povu wala kwa kugusana, na wengi wenye ugonjwa huu wakimeza dawa kila siku bila kukosa huacha kabisa kuanguka. Mwingine hana ugonjwa wowote. Wazazi wake walikuja kufanya kazi kutoka mbali, nyumbani wanasema lugha yao na Kiswahili cha kambini, naye akaingia darasa la kwanza ambako mwalimu anafundisha kwa Lukonzo. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali. Ni mpango mzuri kwa mtoto wa mahali hapo. Kwa mtoto wa kibarua anayehamahama kufuata msimu, ni ukuta. Mwalimu akimwuliza kitu hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa kuwa ni ujinga.

Twende sasa upande wa Bwera. Mwenzetu mmoja huko ana binti aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka saba. Alipona, lakini masikio yalikufa. Kwa bahati shule yake ilikuwa na mwalimu aliyesomea lugha ya alama, na mtoto akaanza kusema kwa mikono, yeye na watoto wengine wawili wasiosikia. Alifika darasa la tatu. Machi 2020 serikali ikafunga shule zote kwa ajili ya korona. Mnakumbuka: zilifungwa karibu miaka miwili, zikafunguliwa madarasa yote Januari 2022, na Uganda ikawa nchi iliyofunga shule muda mrefu kuliko zote duniani. Masomo yakatangazwa kwa redio. Redio! Watoto wa jirani waliketi mlangoni wakisikiliza, na binti yule akaketi nao akitazama kile kisanduku. Baba yake alituambia kwamba siku hiyo alitoka nje.

Shule zilipofunguliwa, yule mwalimu alikuwa amekwisha kuhamishwa. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, amesahau nusu ya alama zake, na tayari alikuwa anachuma kahawa kwa malipo ya debe. Aliyemrudisha shuleni si chama, tusijisifu. Ni mama yake, aliyemshika mkono akaenda naye siku tatu mfululizo mpaka mwalimu mkuu akachoka kumwambia asubiri. Chama kilifika baadaye, kuandika barua kwa afisa elimu wa wilaya kuomba mwalimu mwingine. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa.

Na ndugu zetu wa Mweya, Katunguru na vile vijiji vya wavuvi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth wanalo lao ambalo sisi wa mjini hatulifikiri. Huko mtoto anayekwenda shule hutembea mahali ambapo tembo na nyati hupita, na kiboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri. Mtoto anayesikia husikia matawi yakivunjika, hugeuka njia. Asiyesikia hasikii. Asiyeweza kukimbia hawezi kukimbia. Mwenzetu wa Mweya aliyelieleza jambo hili mkutanoni alisema kwamba huko mzazi akimfungia mtoto kiziwi nyumbani si kwamba anamwonea haya, anaogopa kumzika. Tulikuwa tayari kuwahubiria wazazi wanaoficha watoto. Baada ya maneno hayo tulikaa kimya. Mpango wao ni kwamba watoto watembee kwa kundi, mkubwa mmoja mbele na mmoja nyuma, na yule asiyesikia awe katikati siku zote. Hauhitaji fedha, unahitaji wazazi wapangiane zamu.

Sasa habari ya sheria, kwa kuwa mwajiri na mwalimu mkuu wote huheshimu zaidi mtu anayejua karatasi inasema nini. Sisi tunaoandika haya tuliishia darasa la saba, na tumezisoma polepole, kwa hiyo na ninyi mnaweza. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 30, inasema watu wote wana haki ya elimu. Haikusema watu wenye miguu. Katiba hiyohiyo inaitaka nchi ikuze lugha ya alama kwa viziwi. Mwaka 1997 elimu ya msingi ya bure, UPE, ilianza kwa watoto wanne kila nyumba, na agizo lilikuwa kwamba mtoto mlemavu atangulizwe katika hao wanne. Tuulizane kwa ukweli: ni nyumba ngapi kambini zilifanya hivyo? Wengi walichagua wanne wenye nguvu, wakamwacha yule wa tano jikoni. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa watoto wote, lakini yule wa tano alikuwa amekwisha kuzoea jikoni. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imefanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa mtoto wa miaka sita na zaidi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza shule kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Mwalimu mkuu akikuambia, "Mpeleke shule ya wenzake," mwulize kwa adabu ni sheria gani inayosema hivyo.

Zamani jibu lilikuwa hilohilo la shule ya wenzake. Shule ya vipofu ya Madera, karibu na Soroti, ilianza mwaka 1955, na imesomesha watu wengi wenye sifa. Lakini pima mwenyewe kutoka Bwera mpaka Soroti, nchi nzima kutoka mpaka wa Kongo kuelekea Teso, kwa mshahara wa kibarua. Mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Uhispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida, ile iliyo karibu na nyumbani, ndiyo inayopaswa kumpokea kila mtoto. Ndugu zetu wa Tanzania wanayo shule ya msingi Dar es Salaam ambayo jina lake ni maelezo tosha: Uhuru Mchanganyiko. Wasioona na wenye ulemavu wa akili wanasoma hapo pamoja na watoto wengine.

Hata hivyo hatutaki mtu aelewe kwamba tunapinga shule maalumu. Mtoto kiziwi aliye peke yake kati ya watoto mia wanaosikia, bila mtu hata mmoja wa kuongea naye kwa mikono, hayumo darasani kwa kweli. Amefungiwa hapo badala ya kufungiwa nyumbani. Kwa mtoto kama huyo afadhali viziwi kadhaa wawekwe katika shule moja pamoja na mwalimu anayejua alama, hata kama watatembea mbali kidogo. Kwa mtoto wa miguu, shule ya karibu. Kila mmoja atazamwe kwa shida yake.

Walimu tusiwatupie lawama zote. Nao ni wafanyakazi, wana chama chao, UNATU, na mwenye watoto mia moja darasani hawezi kumshika kila mmoja mkono. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha walimu wa elimu maalumu, lakini katika shule tulizozitembelea tulimkuta mmoja tu, na yeye alipewa darasa kama wengine bila nafasi ya kufanya kazi aliyosomea. Tulichojifunza kwake ni kwamba mengi hayagharimu kitu. Mwenye sikio moja aketi mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu. Mwalimu asiseme huku ameugeukia ubao. Asisimame akiwa na dirisha nyuma yake, maana mwanga humfanya uso wake kuwa kivuli na mtoto haoni midomo. Aandike kwa herufi kubwa na asome kwa sauti kile anachoandika. Mwenye mkono mmoja dhaifu apewe muda zaidi wa kunakili, au jirani amshikie daftari. Na kabla ya yote hayo, mtoto aitwe kwa jina lake. Kambini tunasema "yule kiwete", "yule bubu", mpaka watoto wenzake wanadhani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi.

Kuna jambo moja ambalo lazima tulieleze kwa urefu, kwa sababu lilituumiza na halikuhitaji kutokea. Mtoto wa mwenzetu mmoja ni kijana mwenye ualbino. Kama wengi wenye hali hiyo, macho yake hayaoni mbali, na maandishi madogo huyasoma akiwa ameyakaribia sana, polepole. Alikuwa hodari. Mwaka 2023 alifanya mtihani wa PLE. Baraza la mitihani, UNEB, lina utaratibu kwa watoto kama yeye: dakika 45 za ziada kwa kila somo, karatasi ya maandishi makubwa kwa wenye macho dhaifu, nukta nundu kwa wasioona, mkalimani wa alama kwa viziwi, na mtu wa kuandika kwa niaba ya asiyeweza kushika kalamu. Lakini hayo hayaji yenyewe siku ya mtihani. Shule inatakiwa kuyaomba wakati wa kuwaandikisha watahiniwa, miezi mingi kabla ya Novemba. Shule yake haikujaza. Hatudhani walikusudia ubaya. Waliona kijana anasoma, wakadhani hahitaji kitu. Alipewa karatasi ya herufi ndogo na muda wa kawaida. Katika hesabu hakufika ukurasa wa mwisho. Alipata alama ndogo kuliko alizozoea, na ile shule ya sekondari aliyoitaka haikumchukua. Baba yake alipokuja kwetu matokeo yalikwisha kutoka, na hapakuwa na mlango wa kubisha.

Kwa hiyo kila tawi lifanye hili bila kungoja barua kutoka makao makuu: muhula wa kwanza uanzapo, mtu mmoja wa kamati aende katika shule ambako watoto wa wanachama wako darasa la saba, aulize nani ana shida ya macho, masikio, mikono au miguu, na ahakikishe kwa macho yake kwamba imeandikwa katika fomu ya UNEB. Asikubali kuambiwa, "Tutaandika."

Wenye watoto ambao bado hawajapimwa waanze na hospitali iliyo karibu, Bwera, Kagando au Kilembe, waulize siku za macho na za masikio kabla ya kupoteza nauli. Siku hiyo ya kwenda hospitali mfanyakazi aombe ruhusa kwa maandishi, au atumie siku za likizo yake ya mwaka. Sheria inampa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi. Asitoroke. Mtu anayetoroka ni vigumu kumtetea, hata akiwa na sababu nzuri kama hii.

Na yule kijana wa darasa la pili? Fundi mwashi mmoja, mwanachama wetu, alijitolea Jumamosi mbili. Shule ilitoa mchanga, wazazi wakabeba mawe, sisi tukanunua mifuko miwili ya saruji kwa fedha za mfuko wa rambirambi, baada ya mkutano kupiga kura. Ngazi tatu zikafunikwa kwa mteremko, na sasa anapanda mwenyewe kwa kusota na gongo moja. Tulimtazama siku ya kwanza. Alipanda, akashuka, akapanda tena, mara sita au saba, mpaka mwalimu akamwita aingie.

Choo bado. Vyumba vimejengwa kwa ukuta mmoja, na ukitaka kupanua mlango lazima ubomoe viwili ili upate kimoja chenye kiti na mbao za kushika. Kamati ya shule inasema vyoo tayari ni vichache. Seremala wetu amepima, akasema kiti cha mbao kinaweza kuwekwa juu ya tundu lililopo na kuondolewa wengine wakiingia, lakini mlango utabaki mwembamba. Tunakutana na kamati ya shule Jumapili baada ya ibada. Mama wa mtoto atakuwapo, na amesema atasema yeye mwenyewe.